Bunduki mchana, tochi usiku: Nani hasa analinda shamba la Mweru?

MSIMU wa mahindi mabichi ukifika Nchelenge, kati ya Februari na Machi, mwalimu hahitaji kalenda. Anaangalia madawati tu. Wavulana wamepungua darasani, na wasichana wanaingia wakati somo la pili limekwisha. Ukiuliza waliko wenzao, jibu ni moja: wako shambani, wanafukuza ngedere.

Hali ni hiyo hiyo ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, ninakofundisha. Kwa waliorejea nyumbani mambo ni magumu zaidi. Wengi wetu tuliorudi kutoka kambi za Kala na Mwange kabla hazijafungwa mwaka 2010, na wenzetu walioanza kurudi Pweto kutoka makazi ya Mantapala Desemba 2021, tulikuta mashamba ya wazazi yamegeuka vichaka. Mahali ulipoacha muhogo unakuta nguruwe pori wamejitengenezea malazi.

Hapo ndipo baba wa familia anapokaa chini na kupiga hesabu. Akipata bunduki, anadhani, mtoto atarudi shuleni. Mchana atawapiga ngedere kwa mbali, usiku atawatafuta nguruwe na mbweha kwa tochi, na shamba litapumua. Makala haya yanaipima hesabu hiyo, kwa sababu wanaoilipia ni watoto wetu.

Mchana: Ngedere wana mlinzi wao

Ngedere huingia shambani mapema, jua linapotoka upande wa nchi kavu, na hurudi alasiri kabla halijazama ziwani. Hawaji kama wezi wasio na mpango. Mmoja hukaa juu ya mti akiangalia, wengine wanavunja mahindi.

Watafiti waliowachunguza huko Amboseli, Kenya, walieleza mwaka 1980 kwamba ngedere wana milio tofauti ya kutahadharishana: mmoja kwa chui, mwingine kwa tai, mwingine kwa nyoka. Wakisikia wa chui wanapanda mti. Wakisikia wa tai wanatazama juu na kujificha. Mnyama wa namna hiyo hachukui muda mrefu kumtofautisha mtu mwenye bunduki na mtoto mwenye manati.

Huko Uingereza mkulima huwapiga kunguru, njiwa na sungura waharibifu kutoka mbali kwa bunduki yenye darubini, na usiku huwasaka mbweha wekundu kwa taa kali au kwa darubini inayoona joto la mwili. Ana kibali cha polisi, na anatakiwa kujua nyuma ya shabaha yake kuna kilima au kuna nyumba.

Silaha ya kijijini kwetu ni gobore. Haina uhakika ikizidi mita hamsini hivi, na ukishafyatua mara moja unaanza upya: baruti, kitambaa, chuma, kushindilia. Ukimaliza, ngedere wako ng'ambo ya kijito. Umemuua mmoja, na kesho kundi linakuja kwa upande mwingine. Mtoto bado anahitajika, safari hii kulinda pande mbili.

Usiku: Macho yasiyong'aa

Adui mkubwa wa muhogo ni nguruwe pori, naye hutembea usiku. Muhogo wa Luapula hukaa ardhini mwaka mmoja na nusu, hata miaka mitatu, kabla haujachimbwa wote. Shamba ndiyo ghala ya familia, na ghala hiyo haina mlango. Kundi moja la nguruwe likiingia usiku mmoja linafukua chakula cha miezi.

Mwenye bunduki hutoka na tochi na kutafuta macho. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho ya mbweha, kanu, mbwa, mbuzi na hata mamba huwaka ukiyamulika. Lakini nguruwe hana utando huo. Macho yake hayawaki kama ya mbweha. Na binadamu naye hana.

Maana yake ni kwamba kinachong'aa huenda si kile unachokitafuta. Huenda ni mbwa wa jirani. Na kile kinachotikisa majani bila kung'aa chaweza kuwa nguruwe, lakini chaweza pia kuwa mtoto aliyelala kwenye kibanda cha ulinzi, au mama aliyetoka nje kwa haja.

Risasi haimjui mvuvi

Mwambao wa Mweru haulali. Wavuvi wa chisense huingia majini na taa zao usiku, na alfajiri wanawake wako ufukweni wakinunua samaki na kuwaanika mchangani. Wafanyabiashara wanaovuka kati ya Nchelenge na Kilwa hufika na mizigo saa ambazo mashambani ni giza tupu.

Risasi ndogo kabisa ya bunduki ya .22, ile ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili. Ya bunduki kubwa huenda mbali zaidi. Ikigusa uso wa maji kwa ubavu haizami. Inaruka na kuendelea na safari. Anayepiga kuelekea ziwani usiku, eti huko hakuna nyumba, anapiga kuelekea mahali penye watu wengi kuliko kijijini kwake.

Simba wa Chiengi

Historia ya ufuo huu ina funzo lake. Mwaka 1909, kaskazini mwa Nchelenge, simba mmoja aliyekatika mkia alianza kula watu wa Chiengi na vijiji vya jirani. Wazungu walimwita Chiengi Charlie. Simulizi zinasema yeye na wenzake waliua watu wapatao tisini, na kwamba walimchukua hata mtumishi wa mwindaji aliyekuja kumuua.

Wawindaji walikuja na bunduki nzuri za wakati ule, wakakesha, wakakosa. Mwishowe aliuawa kwa mtego wa bunduki, yaani silaha iliyofungwa na kamba ili mnyama ajifyatulie mwenyewe.

Wapo wanaoutamani mtego huo hadi leo kwa ajili ya nguruwe. Wakumbuke kwamba kamba haiulizi nani ameigusa. Njia ya nguruwe kwenda kwenye muhogo mara nyingi ndiyo njia ya watoto kwenda kisimani.

Ukimuua chui, unamlea nyani

Kuna jambo jingine ambalo mwenye bunduki halioni kwa sababu linachukua miaka. Chui ni adui wa nyani na wa nguruwe pori. Akiondoka, wanaongezeka.

Huko Ghana, kumbukumbu za askari wa wanyamapori kuanzia mwaka 1968 hadi 2004 zilionyesha kwamba simba na chui walivyotoweka katika hifadhi kadhaa, nyani waliongezeka na kuvamia mashamba. Watafiti waliandika pia kilichowapata watoto: familia ziliwaacha nyumbani walinde mazao badala ya kwenda shule. Mwalimu wa Mweru akisoma habari hiyo ya Ghana anadhani imeandikwa kuhusu darasa lake.

Unguja nako, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ilifanyika kampeni kubwa ya kuwaua chui, waliodhaniwa kuwa wanafugwa na wachawi. Chui wakawa adimu kiasi kwamba wengi wanaamini wamekwisha. Nguruwe pori wapo mpaka leo.

Mbweha anasingiziwa

Kuku wakipotea, anayetajwa kwanza ni mbweha. Kweli anaiba, lakini mbweha wa kwetu mwenye mstari ubavuni hula zaidi panya, wadudu, matunda na mizoga. Kuku wengi huchukuliwa na kanu, nguchiro na paka pori. Ukimuua mbweha, umepunguza pia mla panya, na panya ndiye anayekula karanga zako.

Anaogopwa pia kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ina msingi, kwani mbweha anaweza kuambukizwa na kuuma. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo, hadi asilimia 99, waliambukizwa na mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Serengeti, Tanzania, ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ndio wanaouendeleza ugonjwa. Wanyama wa porini huupata kutoka kwao.

Ulaya iliwapiga mbweha risasi kwa miaka mingi na ugonjwa haukwisha. Ulianza kurudi nyuma baada ya Uswisi kujaribu mwaka 1978 kutega chanjo ndani ya vichwa vya kuku ili mbweha waile wenyewe. Nchi nyingine zikafuata, na sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi ikasafishika. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako inafanya kazi kubwa kuliko risasi utakayompiga mbweha. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, ni kifo.

Sumu ni mbaya kuliko risasi

Wengine, wakikosa bunduki, hununua sumu ya wadudu na kuitia kwenye nyama. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua biashara hiyo. Kenya iliona matokeo yake: simba na tai waliangamia kwa sumu iitwayo Furadan, hadi mtengenezaji akaanza kuiondoa sokoni Afrika Mashariki mwaka 2009. Sumu haichagui. Mzoga unaliwa na mbwa, mbwa anakufa uani, na kuku wanadonoa alipotapika.

Sheria inasemaje

Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Zambia, namba 14 ya mwaka 2015, wanyama wa porini ni mali ya taifa, chini ya mamlaka ya Rais. Mtu anaweza kumuua mnyama pale inapokuwa lazima kulinda maisha au mali, lakini anatakiwa kutoa taarifa kwa maofisa wa Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori. Kuwinda bila leseni ni kosa, na silaha nayo inahitaji kibali chake. Kongo nayo ina sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inayodai kibali.

Kwa wanaovuka mpaka, angalizo ni hili: usikubali kubeba risasi, baruti wala nyama ya porini kwa kumsaidia mtu. Kifurushi kilichofungwa katikati ya magunia ya chisense kikikamatwa, kesi ni ya mwenye gunia.

Nini kifanyike

Kwanza, mashamba yapakane. Kipande kimoja kilichojitenga ndani ya msitu kinahitaji walinzi wake wa pande nne; vipande kumi vilivyoungana vinaweza kulindwa na watu wazima wachache kwa zamu. Waliorejea wana nafasi hapa, kwa kuwa wanafungua mashamba upya. Wafungue pamoja.

Pili, mpango wa kupanda. Muhogo mchungu ukae ukingoni mwa msitu, mtamu karibu na nyumba. Wakulima wengi wanajua kwamba nguruwe na ngedere hawaupendi mchungu. Ila usifupishe siku za kuuloweka, kwani sumu yake hudhuru watu. Mahindi nayo yasiguse kichaka. Acha ukanda uliofyekwa, ngedere hapendi kuvuka mahali peupe.

Tatu, banda la kuku linyanyuliwe juu ya nguzo, kuta zisiwe na mwanya wa kupitisha mkono, na mlango ufungwe kabla ya jua kuzama. Fundi wa kijijini anaweza kulijenga kwa miti na udongo.

Nne, uharibifu uandikwe: tarehe, mnyama, ukubwa wa shamba. Tanzania ina kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011, na Kenya iliweka fidia katika sheria yake ya mwaka 2013. Kote huko anayesikilizwa ni mwenye kumbukumbu. Daftari la mwanafunzi linatosha.

Tano, wazazi na walimu wakae kabla ya msimu, si baada ya mtihani. Kama ni lazima mtoto asaidie, asaidie alasiri, na asilale kibandani usiku peke yake.

Bunduki ina nafasi yake. Nguruwe aliyezoea shamba, au mamba aliyezoea watu, apigwe na ofisa aliyefunzwa, mahali anapojua risasi itaishia wapi. Lakini bunduki hailindi shamba wakati mwenyewe amelala, na haimrudishi mtoto shuleni. Kinachomrudisha ni watu wazima kumi waliokubaliana nani analinda leo na nani analinda kesho.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesoma ukimbizini nchini Zambia na kurejea Kongo.