Vibibi vya asubuhi: rojo likikataa kuumuka, usilaumu hamira

Mwezi huu tunaingia jikoni. Nataka tuongee juu ya vibibi, vile vichapati vidogo vya duara, vinene, laini, vyenye vitobo juu kama sega la nyuki. Mtoto akiamka akavikuta na chai, hata kama ni ya rangi, siku inaanza vizuri. Na niseme ukweli tangu mwanzo: vilinitoa machozi kabla sijavijua.

Nilijifunza hapa mjini, mtaa wa Buyenzi, baada ya kuvuka kutoka Uvira mwaka 2004. Buyenzi wengi mnaijua. Ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, wakati mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, na mpaka leo ukipita utasikia Kiswahili, Kirundi na Kifaransa ndani ya sentensi moja. Bibi mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa anapika uani kila alfajiri. Vyake vilikuwa vya mchele, kama wanavyopika Zanzibar: mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa pamoja na tui la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki. Lakini nazi huku kwetu inatoka mbali, si ya kila siku. Basi mara nyingi alitumia maziwa au maji tu, na mchele wa hapa Imbo. Mchele ukipanda bei, alichukua unga wa ngano. Kitu kimoja hakukibadilisha. Alikuwa ananiambia, "Mwanangu, rojo halipikwi mpaka liongee." Yaani mpaka mapovu yapasuke juu yake, ukiinama unayasikia.

Mwaka 2009 tukapelekwa kambi ya Bwagiriza, kule Ruyigi. Mgao wetu ulikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka minne, na tangu tupande lori alikuwa anakula kama ndege. Ugali anausukuma, maharage anayatema. Nikauza sehemu ya maharage yetu nikanunua unga wa ngano, sukari na hamira, nikamwambia: kesho nakupikia vibibi vya bibi wa Buyenzi. Nikakoroga usiku kama nilivyozoea, nikaweka sufuria pembeni ya mlango. Asubuhi rojo limelala vile vile nilivyoliacha. Halina povu, halina harufu. Nikalipika hivyo hivyo kwa hasira. Vikatoka vigumu kama soli ya kiatu. Mtoto akauma mara moja akakiweka chini. Mume wangu hakusema neno, na ni afadhali angesema, kwani yale maharage yalikuwa ya siku tatu.

Niliyetaka kumlaumu ni mwenye duka. Nikasema kaniuzia hamira iliyokufa. Jirani yangu, mama wa Masisi, akacheka. "Mama, hapa si Uvira. Kwa baridi hii hata mtu haumuki." Kwao Masisi ni milimani, anayajua hayo. Bujumbura na Uvira ziko kando ya ziwa Tanganyika, kwenye joto, mita 800 hivi tu juu ya bahari, na rojo linapanda kwa saa moja. Ukipanda kwenda Ruyigi, Ngozi au Muyinga hewa inabadilika, usiku unapoa. Hamira ni kitu chenye uhai. Inakula sukari na kutoa hewa, na hiyo hewa ndiyo inayonyanyua unga. Ikipatwa na baridi inasinzia, haifi. Ikipatwa na maji ya moto sana, hapo ndipo inakufa kweli. Kumbe lile rojo langu ningelisogeza karibu na mafiga yenye majivu ya moto, likasubiri saa mbili, lingeamka lenyewe.

Sasa, kipimo. Hiki ni cha familia ya watu sita, na vinatoka kama 20. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha unga wa mahindi uliochekechwa. Mahindi peke yake hayafai, maana hayana ule unato wa ngano unaoshika hewa ndani. Ukitaka yasiwe na ladha ya ubichi wala chenga, yavuruge kwanza kwa maji yanayochemka, kikombe 1, yafunike, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Huu ni ujanja wa yule mama wa Masisi na sijauacha tena.

Kwenye bakuli jingine weka maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu. Yapime kwa mkono kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Tia kijiko 1 cha chai cha hamira na kijiko kimoja cha sukari, subiri dakika 10. Likitokea povu, hamira ni nzima. Lisipotokea, basi mrudie mwenye duka, lakini angalau hujapoteza unga. Changanya vyote na ngano, ongeza sukari kijiko kimoja tena na chumvi kidogo. Kama una iliki, twanga punje tatu. Ndizi mbivu iliyopondwa inaokoa sukari na watoto wanaipenda. Rojo liwe zito, likimwagika kutoka kwenye upawa lidondoke kwa uvivu, si kama maji. Likiwa jepesi utapata chapati za maji, nazo ni tamu, ila sizo tunazozungumzia.

Funika na kitambaa, na kwenye baridi zungushia kitenge kizima. Usiangalie saa, angalia rojo: liwe limekaribia mara mbili. Na likishapanda usilikoroge tena! Hapo ndipo wengi wanaharibu. Unateka taratibu pembeni, hewa isitoke.

Moto uwe mdogo. Kama unatumia makala kwenye babula, subiri mpaka yawe na majivu meupe. Pakaza mafuta kwa kipande cha kitambaa safi, mwaga kiasi cha vijiko 3 vya chakula, funika na kifuniko. Vitobo vitatokea juu, vitapasuka, uso utakauka. Wale wa vibibi vya mchele hawageuzi, wanapika upande mmoja tu. Hivi vya ngano mimi nageuza mara moja, kwa nusu dakika. Wasomali wanapika canjeero yao upande mmoja, Wahabeshi injera vilevile, na Waingereza wana vyao wanaviita pikelets. Kila watu na vitobo vyao.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Mvua ikinyesha, au asubuhi ikiwa na baridi, usiingize babula ndani ya nyumba iliyofungwa. Ile hewa ya makala haina harufu wala moshi, na inaua watu wakiwa usingizini. Pikia nje au mlangoni, na watoto wakae mbali na kikaango.

Mama kadhaa wameniuliza kama vinafaa kuuza. Vinafaa, lakini piga hesabu ya makala pia, watu wanayasahau, wanashangaa faida imekwenda wapi. Bei sitaitaja hapa, maana mpaka usome itakuwa imeshapanda. Nilichokifanya mimi ni hiki: kabla ya kugusa faranga yoyote, nilitoa kwanza pesa ya unga wa kesho, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Miaka hii mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja, na kuna ndugu zetu waliovuka Rusizi mwaka 2025 wakapelekwa Musenyi bila hata sufuria. Kwao vikombe 3 vya unga ni vingi. Anza na nusu ya kipimo, utajua mkono wako.

Kikaango changu nilikinunua soko kuu la Bujumbura, lile lililoungua Januari 2013. Soko halipo, kikaango kipo, mpini umekatika. Na yule kitinda mimba sasa ana ndevu. Bado anakaa karibu na babula kusubiri kibibi cha mwisho, kile kinachoungua kidogo pembeni kwa sababu chuma kimeshakuwa cha moto mno. Dada zake wanapiga kelele kwamba si haki. Namwachia.