Karoseri za magari madogo ya telekomande: rangi yenye kupulizwa ndani ili ionekane inje

Mutu akipita mbele ya garaji ya Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, anaona kazi ileile: mupaka rangi ameshika pistole, kompresa inalia, na rangi inashuka juu ya tangi ya pikipiki ao mulango wa gari. Kinachopakwa inje ndicho kitakachoonekana inje. Lakini kuna kazi ingine ya pistole yenye kugeuza mambo yote: kupaka karoseri za magari madogo ya telekomande. Huko rangi inapulizwa ndani, vitu vidogo vinatangulia, rangi kubwa inafuata, na kosa la dakika ya kwanza ndilo litakaloonekana kwa macho mpaka siku gari litakapovunjika.

Japani, Marekani na Ulaya, watu wengi wanafanya kazi hiyo kwa kujifurahisha, na wengine wanapata nayo feza kwa kupaka karoseri za wenzao. Kwa kijana wa hapa kwetu mwenye kutaka kujua pistole, ni masomo mazuri: kitu chenyewe ni kidogo, rangi inayotumika ni kidogo, na hakuna kosa lenye kujificha. Hii hapa namna inavyofanyika, mahali wenye kuanza wanaanguka, na sababu gani kifua cha mupaka rangi kinapaswa kulindwa mbele ya kitu kingine chochote.

Plastiki yenye kuonekana kama kioo

Karoseri nyingi za magari haya ni za polikarbonati, plastiki yenye kupitisha mwangaza kama kioo. Iligunduliwa mara mbili mwaka wa 1953: Hermann Schnell wa kampuni Bayer aliipata Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric aliipata Marekani, kila mumoja kwa njia yake. Wamarekani waliiita Lexan, na mpaka leo wenye kucheza na magari haya wanatumia jina hilo hata kama karoseri imetoka kampuni ingine.

Plastiki hiyo inajikunja bila kupasuka mbio. Gari la kipimo cha 1/10, lenye upana wa karibu milimita 190, linaweza kugonga ukuta na karoseri irudilie umbo lake. Ndiyo sababu rangi inawekwa ndani. Gari linaruka, linapinduka, linasuguana na mawe. Rangi ya inje ingekwisha siku ya kwanza. Ikiwa ndani, plastiki yenyewe inakuwa verni: inailinda na kuipa mungao bila kazi ingine.

Afrika inajua hesabu hiyo tangu zamani. Wachoraji wa Senegali wenye kufanya kazi inayoitwa suwer wanachora nyuma ya kioo: kwanza mistari midogo na macho ya mutu, kisha nguo, na mwisho rangi ya nyuma. Mwenye kutazama upande wa mbele anaona picha kamili, hajui kama ilijengwa kinyume.

Kampuni Tamiya ya muji wa Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la telekomande mwaka wa 1976, Porsche 934 ya kipimo cha 1/12. Leo inauza makopo ya rangi ya aina mbili ambazo mwenye kuanza anaweza kuzichanganya kwa urahisi: PS ni ya polikarbonati, TS ni ya plastiki ngumu. Mutu akiweka TS kwenye karoseri ya polikarbonati, itaonekana nzuri siku ile. Lakini gari likigonga mahali, rangi inapasuka na kuanguka vipande vipande, kwa sababu yenyewe haijikunji pamoja na plastiki. Ni vilevile kwa rangi ya kawaida ya gari kubwa. Mbele ya kununua kopo ao chupa ya rangi, soma kama imeandikwa polikarbonati ao Lexan.

Pistole yenye ukubwa wa kalamu

Pistole ya kazi hii si ile ya garaji. Inashikwa kama kalamu. Mumarekani Abner Peeler, wa jimbo la Iowa, alitengeneza moja ya zile za kwanza mwaka wa 1879, na katika miaka ya 1890 mwenzake Charles Burdick alileta ile yenye kufanana na za leo.

Nzuri kwa kujifunza ni ile yenye kazi mbili katika kidole kimoja: ukibonyeza chini, hewa inatoka, ukivuta nyuma, rangi inafuata. Tundu la mbele la milimita 0.3 mpaka 0.5 linatosha. Kompresa inawekwa kwenye bar 1.5 mpaka 2, na pistole inakaa sentimita 10 mpaka 15 mbali na kitu. Rangi inalainishwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa.

Kidole ndicho kinachochukua muda kujifunza. Hewa inaanza mbele ya rangi, na rangi inafungwa mbele ya hewa. Mukono unaanza kutembea mbele ya kufika kwenye kitu, na hausimami mpaka umekipita. Mwenye kusimama njiani anaacha doa la maji. Kwa hiyo, siku za kwanza ni za karatasi tu: nukta, kisha mistari, kisha rangi yenye kufifia polepole kutoka nguvu mpaka kupotea.

Baada ya karatasi, chupa ya maji ya plastiki. Inapitisha mwangaza, inapasuliwa kwa makasi, na inapakwa ndani sawa vile karoseri. Hapa kwetu chupa hizo hazikosi: ndizo zinazosukumwa na maji ya Ziwa Kivu mpaka kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi karibu na Bukavu. Karoseri moja inauzwa; chupa inaokotwa. Kijana akiharibu chupa ishirini, hajapoteza kitu.

Hesabu ya kinyume

Tuchukue mufano wa gari lenye rangi za bendera yetu: bluu ya mbingu, mustari mwekundu wenye kando za manjano, na nyota ya manjano. Mutu mwenye kupaka inje angeanza na bluu, kisha aongeze nyekundu, na kumaliza na nyota. Ndani ya karoseri, akifanya hivyo, bluu itafunika kila mahali na nyota haitaonekana kamwe.

Kwanza karoseri inaoshwa ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kiwandani na ya vidole yanakataza rangi kushika. Inakauka vizuri. Madirisha yanafungwa kwa skochi ao kwa maske zinazouzwa pamoja na karoseri. Inje kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye kulinda karoseri. Hiyo haitolewi mpaka mwisho, na juu yake ndipo muchoro unachorwa kwa kalamu.

Kisha ndani inapakwa maske ya maji, dawa yenye kukauka na kuwa kama ngozi ya mupira. Ikiisha kukauka, inakatwa kwa wembe kufuata mistari ya muchoro. Mukono unapaswa kuwa mwepesi: wembe ukate ngozi tu, usiingie katika plastiki. Alama ya wembe ndani ya polikarbonati ni njia ya mupasuko. Siku gari litagonga, ni pale litafunguka.

Sasa rangi. Kanuni ni kuanza na yenye giza na kumaliza na yenye mwangaza. Unabandua ngozi ya mustari mwekundu peke yake, unapuliza nyekundu. Unabandua sehemu ya bluu, unapuliza bluu. Mwisho unabandua nyota na kando za mustari, unapuliza manjano. Ukianza na manjano na bluu ipite nyuma yake, nyota itakuwa kijani. Na hata kwa kufuata kanuni, bluu ikiwa nyembamba sana, manjano ya nyuma itaichafua. Kwa hiyo, mbele ya kubandua kipande kingine, inua karoseri kwenye mwangaza: kama mwangaza unapita katika rangi, ongeza mara moja tena.

Mwisho wa yote, nyeupe inapulizwa nyuma ya rangi zote. Ndiyo inazipa nguvu. Rangi zenye kuwaka sana zinahitaji nyeupe hiyo kuliko zote. Bila hiyo zinaonekana zimekufa. Zile zenye kupitisha mwangaza kama bonbon zinapenda rangi ya feza nyuma yao.

Mahali wenye kuanza wanaanguka

Kosa la kwanza ni haraka. Rangi inawekwa nyembamba, mara tatu ao ine, na kila mara inakauka. Mashini ya kukausha nywele inasaidia, lakini kwa moto mudogo, kwa sababu moto mukali unapinda karoseri. Rangi nene inatiririka, inaingia chini ya maske, na baadaye inapasuka.

Kosa la pili ni maandishi. Namba ao jina lenye kukatwa ndani linapaswa kuandikwa kinyume, sawa vile katika kioo. Wenye kusahau wanamaliza kazi safi yenye namba ya kugeuka. Dawa yake ni kuandika kwanza inje, juu ya ile karatasi ya kulinda, na kufuata mistari kutoka ndani.

Kosa la tatu ni pistole chafu. Rangi ikikauka kwenye ncha, pistole inatema matone. Mapovu yakipanda katika kikombe cha rangi, mara nyingi ni ishara kwamba tundu limeziba ao limepasuka. Mistari ikitawanyika kama miguu ya buibui, pistole iko karibu sana ao rangi ni maji mengi. Rangi ikikaa kama vumbi, pistole iko mbali sana. Kila mara unapobadilisha rangi, unasafisha. Na jioni unafungua pistole yote, unapangusa sindano, unarudisha.

Kifua kwanza

Katika garaji nyingi za miji yetu, mupaka rangi anafanya kazi uso wazi ao amefunga kitambaa puani. Kitambaa kinazuia vumbi kubwa. Hakizuii mvuke wa rangi. Verni ya magari yenye kuchanganywa na dawa ya kukausha mara nyingi ina isosianati, kemikali ambayo inajulikana ulimwenguni kama moja ya sababu kubwa za pumu ya kazini. Mutu akiisha kuingiwa na pumu hiyo, hata harufu kidogo inaweza kumufunga pumzi, na wengine wanalazimika kuacha kazi.

Kwa karoseri ndogo, rangi za maji kama Createx ao Faskolor zinapunguza hatari, lakini ukungu wao bado unaingia katika mapafu. Maske yenye vichujio vya mvuke ndiyo inayofaa, na kazi ifanyike mahali hewa inapita, si katika chumba watoto wanalala. Mbabula yenye moto isiwe karibu: mvuke wa rangi nyingi unashika moto. Mwenye feza kidogo anunue maske mbele ya rangi ya pili.

Inabaki shida ya umeme. Kompresa ndogo yenye tangi inaweka akiba ya hewa, lakini akiba hiyo haikawii. Kuna njia ya zamani: gurudumu la gari lililojazwa upepo, lenye bomba mupaka kwenye pistole. Hewa inapungua mbio, lakini inatosha kumaliza nyota moja wakati umeme umekatika.

Kidole kilichozoea pistole hiyo kinaweza kazi nyingine: tangi ya pikipiki, kofia ya dereva, kibao cha duka, picha kwenye ukuta wa saluni. Rangi zake si zilezile na hesabu inarudi ya kawaida, inje kwa inje. Lakini subira ya kupuliza nyembamba, kungoja ikauke, na kutazama kwenye mwangaza mbele ya kuendelea, hiyo haibadiliki, na inaanzia kwenye chupa tupu ya maji.