Bango la zamani la sinema: usilitupe kabla ya kulikagua

Msikilizaji wetu wa Bigwa na kwingineko, huenda nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye jumba la sinema: mkata tiketi, mwendesha mashine au mbandika matangazo. Kama yupo, uliza kilichobaki sandukuni. Karatasi iliyokunjwa yenye picha ya filamu ya zamani inaweza kuwa takataka, inaweza pia kuwa mali. Makala hii inaeleza namna ya kutofautisha.

Neno letu kwenye bango la Japani

Kati ya mwaka 1960 na 1961, kabla ya Uhuru, Wamarekani walikuja Momella, karibu na Mlima Meru, kutengeneza filamu ya kukamata wanyama wakali. Mwigizaji mkuu alikuwa John Wayne. Filamu ilitoka mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili: Hatari! Ilipofika Japani jina halikutafsiriwa. Neno hilohilo liliandikwa kwa herufi za Kijapani. Leo wapo watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanaotafuta mabango hayo ya mwanzo na kuyalipia.

Wajapani wanapendwa na wakusanyaji kwa sababu mara nyingi walijitengenezea mabango yao wenyewe badala ya kunakili ya Marekani. Yanayotafutwa sana ni ya filamu zao za mwaka 1954, kama Godzilla na Seven Samurai.

Kwa nini ni adimu?

Bango halikuchapwa ili litunzwe. Lilibandikwa ukutani, likanyeshewa, kisha likabandikwa lingine juu yake. Marekani, majumba ya sinema yalikodishiwa mabango na kutakiwa kuyarudisha. Kwetu, majumba mengi yalififia baada ya video kuingia miaka ya 1980 na televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994. Karatasi zikaishia jikoni na sokoni.

Uchache ndio unaopandisha bei. Mwaka 2017 bango la filamu ya Dracula ya mwaka 1931 liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 500,000, kwa kuwa yanayojulikana kubaki ni machache mno. Lakini usijidanganye: mabango mengi ya zamani huuzwa kwa bei ya kawaida tu, na lililochanika hushuka zaidi.

La asili au nakala?

Kwanza, pima kwa rula. Bango la kawaida la Japani lina sentimita 51.5 kwa 72.8. La Marekani la miaka ile lina karibu sentimita 69 kwa 104. Likiwa dogo zaidi, shuku kwamba ni nakala.

Pili, pitisha kidole kwenye mikunjo. Mkunjo wa kweli unausikia kwa kidole. Nakala iliyopigwa picha kutoka bango lililokunjwa huonyesha mstari wa mkunjo, lakini karatasi yenyewe ni laini.

Tatu, soma chini. Mabango mengi ya Marekani ya kati ya mwaka 1940 na 1984 yana namba inayoanza na mwaka. Filamu ya 1962 itaanza na 62, kisha mkwaju na namba nyingine. Herufi R mbele ya mwaka maana yake filamu ilirudishwa kuonyeshwa, hivyo bango si la mara ya kwanza.

Namna ya kulitunza

Huku kwetu miguuni mwa Uluguru adui ni unyevu, mchwa na panya. Usibandike solotepu, hata kama limechanika. Gundi yake huacha doa la kahawia. Usilitie plastiki ya moto kama kitambulisho. Usilitundike juani, rangi itapauka. Nawa mikono, ukauke, kisha lilaze bapa kati ya karatasi nyeupe safi, ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya matofali na kuwekwa mbali na ukuta. Likague kabla ya masika na baada yake.

Akija mnunuzi

Usiuze siku ya kwanza. Piga picha mbele, nyuma na pembe zote nne kwa simu yako, kisha linganisha na bei zilizolipwa kweli minadani, si bei anazotaja muuzaji. Usilitume kwa mtu usiyemjua kabla ya kulipwa, wala usitoe pesa ya "usajili" au "ukaguzi". Anayetaka kununua hakuombi umlipe yeye.

Na hata kama halina bei, mwambie mzee akueleze lilibandikwa wapi na siku ile watu walijaa vipi. Andika jibu kwenye karatasi nyingine, si nyuma ya bango, uviweke pamoja. Bango linaweza kupatikana Japani. Habari ya mzee haipo kokote ila kwake.