Nyumba ya Maduka Ni Kama Ng'ombe wa Maziwa

Ndugu mkulima, siku hizi wengi wenu mwavuna mahali pawili: shambani na mjini. Huko Kangemi, Kawangware, Uthiru na Dagoretti, mahali palipokuwa na mahindi na malisho ya ng'ombe, sasa pamesimama ploti za maduka. Wengine mna hisa katika nyumba kubwa za katikati ya Nairobi kwa njia ya vyama vya ushirika na makampuni. Watu wa Rwathia kutoka Murang'a, kwa mfano, walijiunga pamoja, wakafanya biashara mjini, hata wakapata nyumba zao wenyewe. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini watu wengi hudhani kwamba nyumba ikiisha kujengwa, kazi imekwisha, na kilichobaki ni kupokea kodi kila mwisho wa mwezi. Sivyo. Ng'ombe wa gredi hutoa maziwa mengi, lakini ukimkamua bila kumlisha na bila kumwogesha dawa ya kupe, atakonda, na mwisho atakufa. Nyumba ni vivyo hivyo. Tofauti ni moja tu: ng'ombe akifa, hasara ni yako wewe, nyumba ikianguka, watu hufa. Mwaka wa 1996 jengo la duka la Sunbeam katika Moi Avenue, Nairobi, liliporomoka na kuua watu. Mwenye nyumba, hata akiwa na ploti ya vyumba vinne, amebeba maisha ya wengine.

LISHA KWANZA, NDIPO UKAMUE

Tufanye hesabu. Tuseme ploti yako ina maduka 8, na kila duka hulipa shilingi 15,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 120,000. Kabla ya kulipa karo ya watoto au kununua chochote, toa sehemu moja katika kumi, yaani shilingi 12,000, uiweke katika akaunti ya peke yake benki. Kwa mwaka utakuwa na shilingi 144,000. Fedha hizo si zako. Ni chakula cha nyumba. Bati likitoboka, hutahitaji kukopa wala kungojea.

Wewe mwenye hisa, ukienda katika mkutano mkuu wa mwaka usiulize habari ya gawio peke yake. Simama, uulize: "Mwaka huu tumeweka kiasi gani kwa matengenezo, na kazi gani imefanywa?" Kamati inayogawa kodi yote ili kuwafurahisha wanachama inawagawia nyumba yenyewe kidogo kidogo.

ADUI WA KWANZA NI MAJI

Mkulima mwema hutayarisha shamba kabla ya mvua. Fanya hivyo kwa nyumba pia. Mvua ndefu huanza mwezi wa Machi, na mvua fupi mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba panda juu ya paa, au umtume fundi. Toa majani na takataka katika gata. Tazama misumari iliyolegea na bati lililoshika kutu. Kama paa ni la saruji, tazama mahali maji yanapotuama. Kisha shuka chini, uhakikishe kwamba mtaro unapeleka maji mbali na msingi.

Maji yakiingia ndani ya saruji hufika kwenye vyuma, navyo hushika kutu. Chuma chenye kutu huvimba na kupasua saruji kutoka ndani. Ukiona plasta ya nguzo inabanduka na chuma kinaonekana, usipake rangi juu yake ili kuficha. Hiyo ni kama kumfunika ng'ombe kidonda bila kukitibu.

Nyufa nazo zina lugha yake. Paka plasta kidogo ikatize ufa, kisha andika tarehe. Baada ya mwezi mmoja, kama plasta imepasuka, jua kwamba nyumba ingali inasogea. Mwite injinia aliyesajiliwa. Wenye nyumba juu ya udongo mweusi waangalie zaidi, kwa sababu udongo huo huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua.

USIONGEZE GHOROFA KWA KUKISIA

Wapangaji wakiwa wengi, mwenye ploti hushawishika kuongeza ghorofa moja, kisha nyingine. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini hauwezi kubeba orofa nne. Usiongeze hata tofali moja kabla injinia hajapima msingi na kabla hujapata kibali cha kaunti.

MOTO NA BIMA

Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa la Nakumatt Downtown, katikati ya Nairobi, liliungua na watu zaidi ya 20 wakafa. Kila mwenye nyumba na ajiulize: moto ukizuka leo saa nane mchana, watu wangu watatokea wapi? Mlango wa pili usijazwe magunia wala usifungwe kwa kufuli wakati watu wako ndani. Ngazi ziwe wazi. Waya za stima zitengenezwe na fundi mwenye leseni. Kanuni za mwaka wa 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zataka ukaguzi na mazoezi ya kutoka kila mwaka.

Kuna pia mabaya ambayo hakuna utunzaji uwezao kuyazuia. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililotegwa kwenye ubalozi wa Marekani liliangusha Ufundi House, nyumba ya chama cha ushirika. Kwa hiyo kata bima, na usome hati yake yote ili ujue ni hasara zipi inazolipa na zipi isizolipa.

MPANGAJI ANA HAKI YAKE

Wako wenye nyumba ambao, mpangaji akichelewa kulipa, humfungia duka kwa kufuli au kumkatia maji. Jihadharini. Sheria ya mwaka wa 1965, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Ukitaka kumpandishia kodi au kumtoa, mpe notisi ya miezi isiyopungua 2 kwa fomu iliyowekwa. Asipokubali, ana haki kupeleka shauri mbele ya baraza la kodi za nyumba za biashara kabla ya notisi kutimia.

Njia nyepesi ni kuandikiana mkataba mapema: kodi ni kiasi gani, nani atengeneza choo, nani alipa maji. Toa risiti kila mwezi. Weka daftari, ukurasa mmoja kwa kila duka. Mpangaji akikuambia bomba linavuja, andika siku aliyokuambia na siku ulipotengeneza. Mpangaji mwema anayekaa miaka 10 ana faida kuliko watano wanaohama kila mwaka, na duka likiwa tupu halilipi kodi.

Ndugu mkulima, usingojee nyumba ikuite. Juma hili chukua daftari na kalamu, uizunguke ploti yako kutoka paa hadi mtaro, uandike kila kasoro uionayo. Anza na ile iwezayo kuumiza mtu.