Ruhusa Iko kwenye Chipseti

Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa ya watu wa kipato kidogo, Celeron 300A. Kasi yake rasmi ilikuwa megahezi 300 na bei yake ya jumla dola 149. Mwezi huohuo ikatoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Haikupita muda, vijana waliopenda kuchokonoa kompyuta wakawa wanaikimbiza ile ya dola 149 kwa megahezi 450 zilezile, na katika michezo mingi haikuachwa nyuma na ndugu yake wa bei mbaya. Mchezo huo wa kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ilivyoandikiwa kiwandani ndio kuovakloki.

Sifa zote zilikwenda kwa Celeron. Kwa maoni yangu, nusu ya sifa hizo ilistahili kwenda kwa chipseti iliyokuwa kwenye mazabodi, nayo ni 440BX.

Chipseti ni chipu zinazoiunganisha prosesa na vitu vingine: kumbukumbu, kadi ya picha, diski. Zamani zilikuwa mbili, siku hizi mara nyingi ni moja, kwa sababu kazi nyingi zimehamia ndani ya prosesa yenyewe. Ndani ya kompyuta kuna mpigo mmoja ambao wote huufuata, kama wachezaji wanavyomfuata mpiga ngoma. Kwa Celeron ile ngoma ilipigwa mara milioni 66 na ushei kwa sekunde, na prosesa ikatia hatua nne na nusu katika kila mpigo. Zidisha, utapata 300. Intel ilikuwa imekifunga kizidishi hicho cha 4.5, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa moja tu: kuikoleza ngoma yenyewe.

Lakini ngomani prosesa haikuwa peke yake. Diski na kadi za sauti zilipita kwenye njia iliyotakiwa kwenda megahezi 33, yaani nusu ya mpigo. Kwenye mazabodi za chipseti iliyotangulia, 440LX, ukipandisha mpigo hadi 83, njia ile nayo ilivutwa hadi zaidi ya 41. Prosesa ikastahimili, diski ikashindwa. Mtu analala akiwa na ushindi, asubuhi anawasha mashine na kukuta mafaili yameharibika.

440BX, iliyotoka Aprili mwaka huo, ilibuniwa kwa ngoma ya megahezi 100. Mpigo ukifika hapo, iligawa kwa tatu badala ya mbili, na njia ya diski ikabaki kwenye 33 yake. Kadi ya picha ilipewa theluthi mbili, nayo ikabaki kwenye 66. Prosesa ndiyo pekee iliyoongezewa mwendo: 100 mara 4.5, yaani 450. Mazabodi ya Abit BH6 ilikuwezesha kuchagua mpigo huo kwenye menyu ya BIOS. Wenye mazabodi zisizo na menyu walikuwa na ujanja wao: mguso mmoja kwenye ukingo wa kadi ya prosesa, wenye jina B21, ndio ulioiambia mazabodi ipige ngoma gani. Ukiufunika kwa kipande cha selotepu, mazabodi inaamini imepewa prosesa ya 100.

Enzi hiyo chipseti ilikuwa inafanya kazi halisi ya kihandisi. Baadaye mambo yakageuka. Januari 2011 Intel ilileta kizazi cha Sandy Bridge, ambapo mpigo mmoja wa megahezi 100 uliendesha karibu kila kitu, na kuugusa zaidi ya asilimia chache kuliyumbisha mashine nzima. Ikabaki kupandisha kizidishi, na hicho kikafunguliwa kikamilifu kwa prosesa zenye herufi K tu, kama i7-2600K. Hata hiyo K haikutosha. Chipseti ya P67 iliruhusu kuikimbiza prosesa lakini ikanyima matumizi ya picha zilizojengwa ndani yake. H67 ikafanya kinyume. Ilibidi kusubiri Z68, mwezi Mei, ili mtu apate vyote viwili alivyokwisha kuvilipia. Hapo chipseti ilianza kufanana na kile kidhibiti mwendo cha mabasi: injini ina nguvu, ila kuna kifaa kinachosema mwisho hapa.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Upande wa Intel unahitaji prosesa ya K pamoja na chipseti ya Z, kama Z690 au Z790. B760 itakuruhusu kukimbiza kumbukumbu, si prosesa. Mpinzani wake, AMD, ni mkarimu zaidi: karibu prosesa zake zote za Ryzen za mezani ziko wazi, na chipseti nyingi za B na X zinaruhusu, kwa mfano B650 na X670. Epuka zile za A, kama A620.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaona X670 ni ghali kuliko B650, wanadhani itaifikisha prosesa mbali zaidi. Tofauti yake kubwa ni wingi wa njia za diski za kasi na matundu ya USB. Kinachoamua prosesa ifike wapi ni joto na umeme. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka gigahezi 4.0 hadi 4.6 na ukalazimika kupandisha volti kutoka 1.20 hadi 1.35, umeongeza kasi kwa asilimia 15 na umeme unaoliwa kwa takriban 45.

Umeme huo unapita kwenye saketi zinazoizunguka soketi ya prosesa, zinazoshusha volti 12 hadi kama 1.3. Prosesa inayokula wati 200 kwa volti hiyo inavuta ampea zaidi ya 150. Saketi ikipoteza sehemu moja tu ya kumi, wati 20 na zaidi zinageuka joto papo hapo kwenye mazabodi. Kwa hiyo dukani geuza boksi, tazama picha ya mazabodi: safu za koili karibu na prosesa ni ngapi, na je, transista zake zimefunikwa na bamba nene la alumini lenye mapezi, au ziko uchi? B650 yenye saketi nzito itaishinda X670 yenye saketi hafifu.

Na kama prosesa yako ya Intel haina K, usinunue Z. Fedha hiyo nunulia kumbukumbu.