Vihisi vya Mwanga na Mabaki ya Viuatilifu katika Mazao ya Mbulu na Hanang

Kiuatilifu ni kemikali inayotumika kuua au kufukuza wadudu, kuvu, magugu na viumbe wengine waharibifu wa mazao, na wakulima wengi huiita kwa jina moja tu: dawa. Sehemu ya dawa hiyo ambayo hadi siku ya mavuno haijavunjwavunjwa na jua wala kuoshwa na mvua ndiyo inayoitwa mabaki, nayo haionekani kwa macho, kiasi kwamba kabichi iliyopigwa dawa jana hufanana sokoni na ile iliyopigwa mwezi uliopita. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, suala hili linagusa mazao mengi: vitunguu saumu vinavyoitambulisha Mbulu, ngano ya Basotu, ambako mashamba makubwa ya serikali yaliendelezwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, pamoja na mahindi, maharage na mbaazi za wakulima wadogo. Hata mahindi yaliyokwisha kuingia ghalani yamo, kwa kuwa dawa ya unga inayochanganywa na nafaka ili kuzuia dumuzi mara nyingi huwa na pirimifosi-methili, kiuatilifu cha kundi la oganofosfeti.

Usimamizi wa kemikali hizi nchini Tanzania uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao makuu Ngaramtoni, Arusha. Ili kupima mabaki katika maabara, sampuli ya zao husagwa, kemikali zake hutenganishwa moja baada ya nyingine, kisha mashine hutambua kila moja kwa uzito wa molekuli zake. Njia hiyo ni sahihi sana, lakini inadai mashine za gharama kubwa na wataalamu waliobobea, na kutoka Katesh, wilayani Hanang, hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 200, ilhali mboga iliyokwisha kuvunwa haiwezi kusubiri majibu. Pengo hilo kati ya shamba na maabara ndilo linalokusudiwa kuzibwa na vihisi vya mwanga, yaani vifaa vinavyogeuza uwepo wa kemikali kuwa badiliko la rangi au mng'ao linaloweza kuonekana kwa jicho au kupimwa kwa chombo kidogo.

Vingi kati ya vihisi hivyo hutegemea kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho katika mwili wa mdudu, kama ilivyo katika mwili wa binadamu, huzima taarifa ya neva baada ya kufika inakokwenda. Viuatilifu vya makundi ya oganofosfeti na karbameti hukifunga kimeng'enya hicho, hivyo neva zikaendelea kutoa taarifa bila kukoma hadi mdudu akafa, na ndiyo maana dawa hizo humdhuru pia mpigaji dawa asiyejikinga. Kihisi hutumia udhaifu huohuo kama ushahidi, kwa maana kwamba kimeng'enya kikishindwa kufanya kazi mbele ya maji yaliyooshea mboga, kuna sababu ya kushuku kuwa mboga hiyo ina dawa.

Mfano ulio wazi zaidi ni kadi za karatasi zinazotumika China kupima mboga. Kadi ina vipande viwili vya duara, kimoja cheupe kilichobeba kimeng'enya na kingine chekundu kilichobeba kemikali ambayo kimeng'enya huivunja ikawa ya buluu. Majani hukatwakatwa na kutikiswa katika maji maalumu, matone ya maji hayo huwekwa juu ya kipande cheupe na kuachwa kwa dakika 10, kisha kadi hukunjwa ili vipande viwili vigusane na kubanwa kwa vidole kwa dakika 3, kwa sababu joto la mkono huharakisha kazi ya kimeng'enya. Kipande cheupe kikigeuka buluu, kimeng'enya ni kizima. Kikibaki cheupe, kimefungwa.

Vihisi vingine hutumia chembe za dhahabu zenye upana wa sehemu chache za bilioni ya mita, ambazo zikiwa zimetawanyika katika maji huonekana nyekundu kama sharubati ya rozela, na zikikusanyika hugeuka zambarau au buluu, na tofauti hiyo ya rangi ndiyo hutumika kutambua dawa. Aina ya tatu haihitaji kimeng'enya, bali hutegemea ugunduzi wa mwanafizikia wa India, C. V. Raman, aliyeonyesha mwaka 1928 kwamba mwanga unapoipiga molekuli, sehemu ndogo yake hurudi ikiwa imebadilika rangi kwa namna ya pekee kwa kila molekuli, mithili ya alama ya kidole.

Hata hivyo, zao linaloipa Mbulu jina ndilo linalovitatiza zaidi vihisi hivi. Mwongozo wa China wa mwaka 2003 kuhusu kadi hizo unaonya kwamba vitunguu, vitunguu saumu na hata maji ya nyanya yana kemikali za asili zinazokiathiri kimeng'enya, hivyo kadi inaweza kuonyesha dawa mahali pasipo na dawa. Kitunguu saumu kikisagwa hutoa pia kemikali zenye salfa, zilezile zinazokipa harufu, na salfa hushikamana kwa urahisi na dhahabu na fedha, metali ambazo vihisi vya aina nyingine huzitegemea. Ili kuepuka kosa hilo la kadi, mwongozo huo unashauri mazao ya namna hii yaloweshwe yakiwa mazima, bila kukatwa, ili yatoke mabaki ya juu ya ganda huku utomvu wa ndani ukibaki ndani. Mpimaji asiyelijua hilo atamhukumu mkulima asiye na kosa.

Kosa la upande wa pili ni kuiamini mno rangi ya buluu. Kadi haisemi lolote kuhusu mankozebu, dawa ya ukungu, wala kuhusu dawa za kundi la pairethroidi, kwa kuwa hizo hazikifungi kimeng'enya hicho. Zaidi ya hayo, kadi huanza kugundua viuatilifu vingi vinapofikia kati ya miligramu 0.3 na 3.5 kwa kilo, ilhali Umoja wa Ulaya, kwa kiuatilifu kisichowekewa kikomo mahususi, huruhusu miligramu 0.01 tu, ambayo ni sawa na gramu 1 katika tani 100 za mazao, yaani shehena ya malori 10 ya tani 10 kila moja.

Kihisi cha mwanga, basi, ni ungo na si hakimu. Katika maghala na masoko ya Mbulu na Hanang kinaweza kutenga haraka kabichi, maharage au mahindi yanayotiliwa shaka ili hayo tu yapelekwe maabara, na kwa vitunguu saumu kinafaa pale tu utaratibu wa kulowesha vitunguu vizima unapofuatwa. Kinga ya kwanza imekwisha kuandikwa kwenye kibandiko cha chupa ya dawa, nayo ni idadi ya siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Mkulima anayeziheshimu siku hizo huwa ameondoa sehemu kubwa ya hatari kabla kihisi chochote hakijawashwa.