Pool ya Meza Ndogo

Pool ya Tanzania huchezwa zaidi kwenye meza ya futi 7. Sarafu inatumbukizwa, mipira inaporomoka, fimbo inapakwa chaki. Mshindi hubaki mezani, aliyeshindwa humpisha anayesubiri. Ndivyo vijana wanavyojifunza katika vituo vya barabara kuu ya Iringa–Mbeya kama Nyololo, wilayani Mufindi: kocha hakuna, na kosa hulipiwa papo hapo.

Kwa miaka kadhaa mashindano ya Safari Lager, bia ya kampuni ya TBL, yaliwapandisha wachezaji kutoka mikoani hadi fainali za taifa. Fedha za bia zilisaidia, ila ziliifungia meza ndani ya baa, mahali pasipomfaa mtoto. Kisha mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea vijana wanaocheza pool saa za kazi, na jina la uvivu likazidi kuuganda mchezo.

Kikwazo kikubwa zaidi, pengine, ni vipimo. Wachezaji wa kulipwa duniani hushindania zaidi mchezo wa mipira 9 kwenye meza ya futi 9, yenye mipira mikubwa kidogo. Fundi wa meza ndogo akifika huko hulazimika kujifunza upya nguvu na pembe, na meza za aina hiyo ni adimu nchini.